Mbegu Zilizoelea

Mgeni alifika wakati mbaya kuliko wakati mwingine wowote: karai lilikuwa limeshapata moto.

Iseul alimwona kupitia dirisha la banda la kukaangia chai. Mwanamume mrefu, koti la mjini, viatu vyeupe vikinyata pembeni mwa madimbwi kana kwamba vinayaomba radhi. Alikuwa akipanda njia ya mawe katikati ya vichaka vya chai, na alibeba kifurushi cha kitambaa chekundu. Alikishika kwa mikono yote miwili mbele ya kifua, mithili ya mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa hadi ukingoni.

"Nani yule?" aliuliza mama yake, Malsun, bila kuinua uso. Kiganja chake kilikuwa kimetandazwa juu ya karai, kikipima joto.

"Sijui, Mama."

Alijua. Angemtambua hata kwa kisogo tu, katikati ya umati wa stesheni ya Seoul. Moyo wake, ambao tangu arudi nyumbani haukuwa umekaa kitako hata siku moja, sasa ulisimama wima. Garam! Amefuata nini huku? Na siku zote zilivyo nyingi, kwa nini leo?

Siku za kukaanga majani ya kwanza, hakuna mtu wa bonde la Hwagae anayemtembelea mwenzake. Majani yale ya kabla ya mvua za masika zinazootesha nafaka ni machache, madogo kama ulimi wa shomoro. Yanachumwa alfajiri, na yasipowahi moto yanaharibika. Wala hakuna anayejipaka kitu. Sabuni ya kunukia inafungiwa kabatini, marashi yanasahauliwa, hata kitunguu saumu kinapigwa marufuku mezani, kwa sababu jani la chai ni kama mtoto mchanga: harufu yoyote inayopita karibu yake inamwingia. Watu wanafanya kazi kwa nyuso kavu na matumbo yanayonung'unika.

Na Garam alikuwa mtu wa kujipaka. Losheni ya jua, krimu ya shingo, maji ya waridi baada ya kunyoa. Hata kwa umbali ule Iseul aliisikia harufu yake, au alidhani ameisikia.

"Shikamoo, Bibi!" sauti ilitoka upande wa baraza. Kikafuata kishindo cha magoti mawili juu ya mbao.

Bibi yake Iseul, mama mzaa baba, alikuwa pale barazani akichambua vikonyo vya majani. "Marahaba, marahaba. Inuka basi, mbao hizi ni nzee kuliko mimi, utazitoboa. Mtoto wa nani wewe?"

"Naitwa Garam, Bibi. Garam wa ukoo wa Pyo. Nimetoka Seoul."

"Garam? Si maana yake mto?"

"Ndiyo, Bibi. Mto."

"Na mjukuu wangu ni Iseul, umande." Bibi alichekea puani. "Umande ukidondokea mtoni, nani atauona tena? Haya, umebeba nini?"

Iseul alivua glavu. "Mama, nakuja sasa hivi," alisema, na kabla Malsun hajajibu alikuwa ameshafika uani, nywele zimelowa mvuke, mashavu mekundu kwa moto wa karai.

"Kaka!" likamtoka.

Likabaki hewani pale, halina pa kujificha. Iseul alikuwa mtoto pekee. Na katika nchi yao, msichana asiye na kaka akimwita mwanamume kaka kwa sauti ya namna ile, hata kuku wanajua maana yake.

"Kaka," Bibi alirudia polepole, akimtazama mmoja, kisha mwingine. "Kumbe mwanangu alizaa mwingine huko nje bila kuniambia."

"Bibi!"

"Nauliza tu. Baba yako yuko huko kwenye viwanda vya meli mwaka mzima, mimi nitajuaje?"

Garam alikuwa amewiva hadi masikioni. Alimtazama Iseul kwa namna ambayo Iseul aliiogopa kuliko maneno, macho ya mtu aliyesafiri usiku kucha akirudia sentensi moja kichwani. Hakuisema. Alikisukuma tu kifurushi kuelekea kwa Bibi, kwa mikono miwili, akainama.

Bibi alifungua fundo. Ndani ya kitambaa chekundu kulikuwa na mbegu za chai, za kahawia na za mviringo, zimepanguswa hadi zinang'aa.

Kijito kilichokuwa chini ya nyumba kilisikika ghafla kana kwamba ndiyo kwanza kimeanza kutiririka.

Kwa watu wa bonde lile, mwanamume hasemi "nimekuja kuoa". Mchai hushusha mzizi mmoja, moja kwa moja kwenda chini, na ukiung'oa ukauhamishia kwingine, unakufa. Ndiyo maana mchumba haleti mche. Analeta mbegu, zikapandwe nyuma ya nyumba ya maarusi na zisihame tena. Iseul alimsimulia Garam jambo hili siku moja kazini, kwa mzaha, wakinywa kahawa ya mashine kwenye vikombe vya karatasi. Garam hakuwa amejibu kitu. Iseul alidhani hasikilizi.

Kumbe alikuwa akisikiliza. Machozi yalimjia Iseul haraka, akayameza.

"Mke wa mwanangu!" Bibi aliita kuelekea bandani. "Acha karai, njoo! Na uje na bakuli la maji!"

Malsun alitoka akijifuta jasho kwa kiwiko. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, ambaye hakupenda kutazamwa. Kila alipozungumza na mtu aligeuza uso kidogo pembeni. Aliziona mbegu. Akamwona kijana. Akamtazama binti yake, na kwa muda mfupi uso wake ukalainika hata Iseul akathubutu kutumaini.

"Amekuja peke yake?" Malsun aliuliza. "Hana wazee?"

"Ana shangazi, Mama," Iseul alijibu. "Ndiye aliyemlea, tangu wazazi wake walipoachana kila mmoja akashika njia yake."

"Shangazi mwenyewe yuko wapi?"

Garam alifungua mdomo. Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akaibana kwa kiganja, mdomo ukajifunga.

"Wazee watakuja," Bibi alisema. "Kwanza tuone kama mbegu zinajua njia ya kwenda chini." Akazimimina zote kwenye bakuli la maji.

Mbegu hai ya chai huzama. Ni kipimo cha zamani na hakina mjadala: iliyo na uhai ni nzito, inashuka. Na siku ya mbegu za uchumba watu huzitazama zikishuka, wakapiga makofi.

Zilielea. Zote. Zikazungukazunguka juu ya maji, zikigongana kama watu wasio na kazi.

Bibi aliichukua moja kwa kidole, akaizamisha hadi chini, akaiachia. Ikachomoka juu. Akaizamisha tena. Ikarudi.

"Hii," Bibi alisema hatimaye, "ni kama mkwe mwenye njaa. Ukimfukuza mlangoni anapitia jikoni."

Hakuna aliyecheka. Garam alimtazama Iseul kwa woga. "Nimekosea nini?" alinong'ona.

"Zimekufa," Iseul alinong'ona naye. "Kaka, ulizitoa wapi? Usiniambie ulizitoa…"

"Kijana," Malsun aliingilia. Sauti yake ilikuwa ya adabu, na hilo ndilo lililomtisha Iseul. "Mbegu hukaa kwenye mchanga wenye unyevu tangu vuli, ndipo zikabaki hai. Hizi zimekaushwa kwa moto. Nani anakausha mbegu za chai kwa moto?"

Garam angeweza kusema amezinunua sokoni. Lakini hakujua kwamba kulikuwa na siri ya kulinda, na hata angejua, Iseul alifikiri baadaye, asingeweza. Uongo ulikuwa ukimkaa Garam kama viatu vya mtu mwingine.

"Maabara, Mama Iseul. Tunakofanya kazi mimi na Iseul. Tunazikausha ili kukamua mafuta."

"Mafuta ya nini?"

"Ya uso. Kampuni ya shangazi yangu inatengeneza krimu. Kiini cha chai ya kijani, yaani majani, halafu mbegu kidogo. Iseul ndiye…" Aliona uso wa Iseul akanyamaza. Amechelewa.

Malsun hakupiga kelele. Aligeuza uso wake pembeni, zaidi kuliko kawaida yake, hadi ikawa kana kwamba anazungumza na mlima.

"Uliniambia unachunguza chai," alimwambia binti yake.

"Ni kweli nachunguza chai, Mama."

"Ni kweli. Hata nusu ya mwezi ni mwezi." Akageuka. "Majani yanaingia motoni sasa. Majani hayasubiri ugomvi. Iseul, glavu. Na wewe kijana, kama unataka kusikilizwa, kanawe uso kwa maji matupu mpaka unuke kama jiwe, kisha usimame mlangoni. Upande ambao upepo hautuletei harufu yako."

*

Malsun alimwaga majani, nayo yakalia kama punje zinazopasuka. Mvuke wa kijani ukapanda. Karai lilikuwa kubwa kiasi kwamba lilihitaji watu wawili, mmoja kila upande, mikono ikipita chini ya majani, ikiyainua, ikiyakandamiza, ikiyageuza. Moto huu wa kwanza hausamehe. Ukiinua mikono upumzike, majani ya chini yanaungua, na harufu ya kuungua inayafuata hadi kwenye kikombe cha mnywaji.

Mama na binti walisimama wakitazamana juu ya mvuke, bila namna ya kukimbiana.

Garam alikuja mlangoni, nywele zinadondosha maji ya kijito, uso mtupu. Iseul hakuwahi kumwona hivyo mchana. Alikuwa na baka jekundu shavuni, na alionekana mdogo, kama mvulana aliyetolewa darasani. Iseul alitamani kumpangusa kwa mkono. Mikono yake ilikuwa ndani ya majani.

"Mwambie," Malsun alisema.

"Mama, si lazima…"

"Basi nitamwambia mwenyewe." Aligeuza majani. "Iseul alikuwa bado shuleni. Kampuni moja ya krimu ilikuja bondeni ikanunua majani yetu. Wakanipiga picha hapa hapa, nikiwa nimesimama hivi hivi. Nilifurahi, sikatai. Nani hafurahi kuambiwa ana uso mzuri? Kumbe uso wangu ukabandikwa kwenye kifuniko cha kopo, na chini yake maneno: 'Chai ya Hwagae, makunyanzi kwaheri.'"

Bibi, ambaye alikuwa amejisogeza na kuketi kizingitini, alitikisa kichwa.

"Wakaanza kuja," Malsun aliendelea. "Kwa mabasi. Wanawake wa watu, wananishika kidevu, wananigeuza kwenye mwanga kama wanachagua tikiti. Sokoni muuza chaza ananiita Mama Kopo. 'Mama Kopo, mbona hapa pembeni mwa jicho umekunjamana? Au hujipaki?' Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, baba. Nilikuwa na haki ya kukunjamana! Halafu siku moja akaja mama mmoja kutoka Busan, na kopo tupu mkononi. Mumewe alikuwa amemwacha akaenda kwa msichana. Alimaliza kopo baada ya kopo, akiningoja mimi nimrudishie uso wake. Hakunitukana. Alilia tu, amekaa hapo alipokaa Bibi."

Majani yalikuwa yakilainika. Malsun aliyakandamiza kwa viganja, polepole.

"Mwaka mzima sikucheka," alisema. "Kucheka kunakunja uso."

Iseul alikuwa akikumbuka mwaka ule. Alikuwa akidhani mama yake amechoka naye.

"Sikujua," Garam alisema. "Mama Iseul, hakuniambia."

"Ungejua ungefanyaje?"

Simu ikatetemeka tena mfukoni mwa Garam. Safari hii Iseul alimwona jinsi alivyoruka, na kitu kibaya kikamchoma. Wiki nzima hakuwa amempokelea simu, kwa sababu kila alipompokelea hapo awali, nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti ya shangazi, na swali moja lile lile.

"Ni yeye anayepiga," Iseul alisema. "Si ndiyo?"

"Ndiye."

"Maneno ya kopo yanakwenda kuchapwa."

"Leo hii." Aliangalia viatu vyake. "Anangoja tu ukubali waandike kwamba inaondoa makunyanzi. Wewe ndiye uliyefanya majaribio, bila neno lako hawezi kuandika."

"Kwa hiyo ndilo lililokuleta."

"Iseul…"

"Jibu. Ulikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya kopo?" Sauti yake ilipanda, na mikono yake ikapanda nayo, na Malsun akasema kwa ukali, "Mikono!" Iseul akairudisha chini, machozi yakimdondoka nje ya karai kwa bahati tu. "Ungenipigia mbinja nikaja mwenyewe! Ungeleta kalamu! Kwa nini ulete mbegu? Kwa nini uwafungulie watu kitambaa chekundu?"

"Shangazi alinipa nauli kwa ajili ya kopo," Garam alisema. "Mbegu nilizibeba mwenyewe. Hajui. Nilizipangusa moja moja kwenye treni, abiria wa pembeni akaniuliza kama zinaliwa. Sikujua kama zimekufa. Ulisema mbegu za chai. Sikujua kuna za kuzama na za kuelea. Mimi ni mtoto wa ghorofani, Iseul, sijawahi kupanda hata kitunguu."

Bibi aliguna. Kwa Bibi, guno lile lilikuwa karibu na huruma.

Malsun hakumwangalia kijana. Alikuwa akimwangalia binti yake, machozi, mashavu yaliyowashwa na moto, na kwa mara ya kwanza aligeuza uso wake mzima mzima, bila kuupindisha pembeni.

"Haya," alisema. "Niambieni ninyi wasomi. Sahau maneno ya kopo. Jani langu likifika usoni kwa mtu, linafanya nini?"

Iseul alishangaa. Alivuta pumzi.

"Linapoza, Mama. Uso uliopigwa na jua, au uliochokozwa na joto kama huu wangu, wekundu unapungua. Mwenye ngozi ya mafuta, mafuta yanapungua, na chunusi hazipati nafasi sana. Jua linaitafuna ngozi kidogo kidogo kila siku. Kiini cha chai kinaisaidia isitafunwe upesi. Lakini hakichukui nafasi ya kofia, wala ya losheni ya jua. Na kina masharti. Ukikiweka kwenye chupa inayopitisha mwanga kinageuka kahawia kama chai ya jana, nguvu zote zinakwisha. Nimegombana nao ofisini mpaka nimepewa chupa nyeusi."

"Alinirushia chupa ya kioo," Garam alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo siku nilipompenda."

"Sikukurushia. Iliteleza."

"Iliteleza kuelekea kwangu."

"Watoto tuliwaosha vipele vya joto kwa chai iliyopoa," Bibi alisema. "Hata mumeo, Malsun, nilimwosha. Alikuwa na makalio mekundu kama pilipili."

Kitu kilitokea kwenye pembe za mdomo wa Malsun. Hakikukaa. "Ni hayo tu?" aliuliza.

"Ni hayo tu, Mama."

"Mbona ni mazuri? Kupoza uso wa mtu, si jambo dogo. Kwa nini hawaandiki hayo?"

Aliyejibu ni Garam. "Shangazi anasema watu hawanunui nafuu, wananunua ujana. Neno lile lisipokuwepo, madukani watakipita kopo letu kama mlango wa jirani. Ameweka kila kitu chake humo, Mama Iseul. Si mtu mbaya. Alinibeba mgongoni tangu siwezi kufunga vifungo. Amechoka, na anaogopa."

"Najua. Wote waliokuja hapa walikuwa wakiogopa." Malsun aliinua konzi ya majani, akayanusa, akayarudisha. "Sasa nisikilize. Sikuombi wazee, sikuombi mbegu nyingine. Nakuomba neno moja. Hilo neno la kwenye kopo, unalijua. Kwa jani la Hwagae, lisitoke kinywani mwako. Wala kwa kuandika, wala kwa kutamka, wala kwa kukonyeza. Waweza?"

"Naweza."

"Usiniahidi upesi kama unanunua tiketi. Siku ya harusi, nani anakaa kwenye kiti cha mzazi upande wako?"

Iseul alilijua jibu, na alijua pia alichosema shangazi mbele ya ofisi nzima siku walipobishana juu ya neno hilo: msichana anayenizuia kuuza sitampokea mlangoni kwangu, awe umande au awe lulu.

"Yeye," Garam alisema. "Sina mwingine."

"Basi fikiri."

Alifikiri. Iseul alimwona akifikiri, pale mlangoni, maji yakimdondoka kwenye ukosi. Alitaka kumwambia: usiahidi. Alitaka kumwambia: ahidi. Alitaka kuitoa mikono yake motoni akimbie hadi mtoni, asisikie lolote kati ya hayo mawili.

Garam akanyoosha mikono yake miwili, mitupu, akainama kwa Malsun kama alivyoinama kwa Bibi. "Nimeahidi," alisema.

Na simu ikaanza tena. Safari hii hakuibana. Aliitazama, akawatazama, akatoka uani.

*

Moto ulikuwa umefika pale pagumu. Majani yalishalainika lakini hayajakauka. Kosa dogo, na kazi ya alfajiri nzima inageuka makapi. Iseul aligeuza, akakandamiza, akageuza. Kila kitu ndani yake kilikuwa nje uani.

Alisikia vipande.

"Ndiyo, Shangazi… Nimefika… Yupo, yuko kazini."

Mikono chini, inua, geuza.

"Hapana, usimlaumu. Sijamuuliza."

Upepo ulipeperusha maua ya mwisho ya micheri yaliyokauka, yakapita dirishani. Iseul alijikuta akinyoosha shingo.

"Tazama majani," Malsun alisema.

"Natazama."

"Unatazama dirisha."

"Mama, sisikii anachosema!"

"Hata mimi," Malsun alisema. Kisha akafanya jambo ambalo Iseul hakuwahi kumwona akilifanya katika moto wa kwanza. Alisogea hatua moja, akatanua mikono yake, akageuza majani ya pande zote mbili za karai, kifua kikiwa karibu kabisa na mvuke. "Nipe upande wako. Nenda."

"Utaungua."

"Nimesema nenda!"

Iseul alitoka na glavu zake zikifuka moshi. Garam alikuwa amempa mgongo, anatazama bondeni, bega moja limepanda kama la mtu anayezuia upepo. Sauti ya mwanamke ilisikika kwenye simu hata kwa mbali, kali, ikipanda na kukatika, ikipanda na kukatika. Iseul alitambua kwamba haikuwa hasira. Shangazi alikuwa akilia.

"Nakusikia," Garam alisema. "Nakusikia, Shangazi. Andika kwamba inapoza. Andika wekundu unapungua, mafuta yanapungua, andika chupa isikae juani. Hayo yote nitayasema popote, hata barabarani nitasimama niyaseme."

Sauti ilisema kitu kifupi.

"Hilo silisemi."

Ikasema tena.

"Si kwamba siwezi. Nimemwahidi mama yake, nimeleta posa." Alijifuta uso kwa mkono wa koti, upesi, kama mtoto asiyetaka kuonekana. "Hata wewe ukiniomba. Hata kwa ajili yako."

Iseul alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa, na hakumgusa. Alisikia swali la shangazi likitoka taratibu, kwa upole wa kutisha, neno kwa neno: basi siku ya harusi yako, nani atakaa kwenye kiti changu?

Mgongo wa Garam ulitulia.

"Hakuna mtu," alisema. "Kiti chako tutakiacha wazi, Shangazi. Sitamkalisha mwingine."

Simu ikakatika upande wa pili. Aliendelea kuishikilia sikioni.